Hiyo Sio "Sauti ya Subaru", Gari Yako Ni Mgonjwa

Nianze na aibu yangu mwenyewe ndio tuelewane.

Januari niliweka video ya sekunde 15. Impreza ya bluu imesimama kando ya barabara ya Isebania hapa Migori, injini inanguruma, boneti inatetemeka mpaka maji ya kuoshea yanaruka. Nikaandika chini: "Hii ndio sauti ya Subaru, kama huielewi nunua Probox." Mlicheka, mkashea, ikawa video yangu iliyotazamwa kuliko zote. Usiku huo kijana mmoja wa upande wa Rodi Kopany, Homa Bay, akanitumia klipu ya gari yake. Inatetemeka vilevile, na mshale wa RPM unapanda na kushuka kama mtu mwenye malaria. Akauliza, "Bro, hii ni kawaida?"

Nikamjibu neno moja. "Kawaida." Na emoji ya moto.

Wiki tatu baadaye pistoni moja ilivunjika pale kwenye ringi akiwa anapanda kutoka Homa Bay kwenda Rongo, turbo imejaa. Ile gari aliinunua baada ya kuuza boda zake mbili. Hakunitukana. Aliandika tu, "Sawa bro, nimeona." Afadhali angenitukana.

Kwa hivyo leo sitaki kusikia mtu akiniambia eti Subaru "lazima itetemeke". Huo ni uongo, na mimi ni mmoja wa waliousambaza.

Ule mngurumo mnaoupenda unatoka kwenye mabomba ya egzosi. Mabomba ya silinda za upande mmoja ni marefu kuliko ya upande wa pili, basi mapigo ya moshi yanafika kwenye turbo bila mpangilio sawa, ndio unasikia ule mlio wa ngoma. Lakini injini yenyewe imetulia. Boksa imetengenezwa pistoni zikikabiliana uso kwa uso, moja inafuta mtikisiko wa mwenzake. Mlio unaweza kuwa mzito na gari ikawa imetulia kabisa, mshale umekaa kwenye 700 au 800 bila kusogea. Tena kuna Subaru za Japani, kama Legacy GT za kuanzia 2003, zenye mabomba ya urefu sawa. Hizo hazina hata ule mngurumo. Ukiwa na Legacy kama hiyo na inapiga ngoma, omera, hiyo ngoma ni ya matanga.

Sasa tuseme ukweli kuhusu gari zenyewe. Impreza za umbo lile la GD zilitengenezwa 2000 hadi 2007. Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka 8. Piga hesabu: kufikia 2015 hivi mlango wa hizi gari ulikuwa umefungwa. Maana yake kila GD unayoiona Migori, Awendo ama Oyugis ishapitia mikono mingi, na kila mkono umeongeza kitu chake. Wa kwanza aliweka filta ya koni. Wa pili akaweka valvu ya kupiga "pshhh". Wa tatu akakata egzosi. Wa nne ni wewe, umenunua gari ya watu wanne na mipira ya hewa yenye umri wa mtoto wa Form Four, halafu unashangaa kwa nini inatetemeka ikisimama.

Na tukienda gereji tunafanya nini? Tunabadilisha. Mwenye ile Impreza ya bluu alianza na plagi. Bado. Akanunua koili nne. Bado. Sensa ya hewa, bado. Pampu ya mafuta, bado. Zaidi ya 60,000 imeisha na hakuna mtu hata mmoja aliyepima kitu chochote. (Hata zile plagi, tulipokuja kuzifungua, mbili za nyuma zilikuwa za zamani. Kwenye Subaru plagi zinaangalia ubavuni, zimebanwa na chesi, mkono unachubuka. Kuna watu wanalipisha nne wanabadilisha mbili.) Mwishowe akaambiwa, "Ni mafuta ya siku hizi."

Hiyo ya mafuta inanimaliza. Ndio, mafuta ya kuchanganywa na mafuta ya taa yalikuwa janga nchini, mpaka 2018 serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili watu waache kuchanganya. Lakini fikiria kidogo. Tangi ni moja, silinda ni nne, zote zinakunywa kutoka chungu kimoja. Kama kompyuta inaonyesha P0301, yaani silinda ya kwanza peke yake ndiyo inayomisi, mafuta yataichukia hiyo moja kwa nini? Angalia plagi yake, koili yake, injekta yake, kompresheni yake. Hamisha koili ya namba moja uipeleke namba tatu. Tatizo likihama nayo, umempata mwizi bila kununua chochote. Lisipohama, weka koili chini uendelee na kingine. Zinatetemeka zote? Hapo ndio unauliza kuhusu kitu ambacho zote zinashiriki: hewa, presha ya mafuta, taimingi.

Na kwa gari iliyoguswaguswa, mimi ningeanza na hewa kila mara. Sensa ya hewa inakaa pale mwanzo karibu na filta. Inahesabu hewa inayopita, kompyuta inapima mafuta kulingana na hesabu hiyo. Ukitoboka mpira mbele ya sensa, gari ikisimama inavuta hewa ambayo haikuhesabiwa, mchanganyiko unakuwa mkavu, inatetemeka. Ile valvu yako ya "pshhh" yenye springi legevu inaweza kukaa wazi kidogo gari ikisimama na ikaleta shida hiyohiyo. Na ukiachia mguu ghafla inamwaga nje hewa ambayo tayari imehesabiwa, mafuta yanazidi, gari inataka kuzima kwenye bampsi. Koni ya bei rahisi nayo, kama bomba lake ni pana kuliko la asili, sensa inasoma uongo mchana kutwa. Hakuna koili ya kutibu hayo.

Ile ya bluu tuliipima hivi. Tulitafuta kifuniko cha bomba la plastiki kwa hadwea, tukakitoboa, tukafunga valvu ya tairi, tukaziba nacho mdomo wa turbo upande wa filta. Tukamwita jamaa wa pancha na kompresa yake. Psi 10 tu, usizidishe, utang'oa mipira mizima. Maji ya sabuni kwenye chupa ya kupulizia. Dakika 20 hazijaisha, povu linachemka sehemu mbili: chini ya ile valvu, na kwenye kampira kadogo nyuma ya manifoldi ambako hakuna mtu angepaona kwa macho. Kampira ni shilingi 200. Gari ikatulia. Yule jamaa wa pancha ndiye aliyefanya kazi kubwa kuliko mafundi wote waliotangulia, na alilipwa mia.

Na usifikiri mtetemeko ni kero tu ya kwenye jam. Kitu kilekile kinachoifanya gari itetemeke ikisimama, kama ni injekta iliyoziba au mchanganyiko uliokosewa, turbo ikijaa kinaweza kupasha silinda moto mpaka mafuta yanalipuka kabla ya wakati. Pistoni za hizi injini hazipendi huo mchezo. Kijana wa Rodi alikuwa amepewa onyo kila akisimama kwenye stendi, mimi nikamwambia ni muziki.

Najua komenti zinazokuja. "Dropout anafundisha mafundi." Ndio, niliacha uhandisi mwaka wa pili, karo iliisha, sio siri. Lakini sikuja kuwatukana mafundi, na hapa ndio nataka wenye magari mnisikilize, maana ninyi ndio mmeharibu hii biashara. Fundi akikwambia "nipe 1,500 nikae na gari masaa mawili nipime," unamwambia anakuibia, kwani ameweka nini? Akikwambia "nunua sensa ya 12,000," unatoa pesa haraka kwa sababu utarudi nyumbani na boksi mkononi. Umemfundisha kwamba kufikiri hakulipwi, kinacholipwa ni spea. Sasa unataka afanye nini, alale njaa kwa heshima ya ukweli? Fundi anayepima kwanza huku kwetu anafilisika, anayebahatisha anajenga.

Mnapenda kunikumbusha kwamba McRae alishinda Safari Rally 1997 na Impreza, na Burns akashinda 2000. Sawa. Nyuma yao kulikuwa na kundi zima la watu wanaopima. Wewe una stika ya STI na bahati.

Hata kompyuta hamtaki kusoma. Gari nyingi za Japani haziongei na zile skana ndogo za bluutuuthi, kisha mnasema "haina kosa lolote". Tafuta waya wa KKL na laptopu, programu ya FreeSSM ni ya bure kabisa, itakuonyesha gari inaongeza au inapunguza mafuta kwa asilimia ngapi ikiwa imesimama. Kama inaongeza sana, rudi kwenye povu la sabuni.

Kile kifuniko bado ninacho. Jumamosi niko Migori, Jumapili hii nitashuka Homa Bay. Kuazima ni bure, jamaa wa pancha utamlipa mwenyewe, na fundi akikaa kupima nawe unamlipa muda wake hata kama hajabadilisha kitu.

Video ya Januari sijaifuta. Nimebandika komenti juu yake: "Hii gari ilikuwa inaumwa. Nilikosea." Watu bado wananijibu na emoji ya moto.