Mshikamano wa wauguzi usingoje mgomo

Ukitaja neno mshikamano mbele ya wauguzi wa Kenya, wengi watafikiria filimbi, matawi ya miti na nyimbo barabarani. Si ajabu. Kizazi changu kiliingia chuoni baada ya kuwaona wakubwa wetu wakigoma kuanzia Juni 5, 2017 hadi Novemba mwaka huo, karibu miezi mitano, wakidai mkataba wa pamoja wa mishahara na marupurupu. Baadhi ya kaunti zilisimamisha mishahara yao. Watu waliishi kwa kukopa dukani na kwa pesa za chama. Walishikamana kweli, na sifa hiyo hakuna wa kuwanyang'anya.

Ila mgomo huisha. Makubaliano ya kurudi kazini hutiwa saini, viongozi huhojiwa na televisheni, kesho yake kila mtu anavaa sare na kurejea wodini. Na ni huko wodini, bana, ambako mshikamano wetu huyeyuka kama chumvi kwenye maji. Hayo ndiyo ninayotaka tuongee leo, sisi kwa sisi, kabla ya kumtaja gavana au waziri.

Chukua wodi yoyote ya hospitali ya umma. Utawakuta wauguzi watatu waliovaa sare sawa na wanaofanya kazi sawa. Mmoja ameajiriwa kwa masharti ya kudumu, ana pensheni na benki inampa mkopo bila maswali mengi. Wa pili yuko kwa kandarasi. Wa tatu ni kibarua, au yuko kwenye mwaka wa mafunzo ya kazini. Mgonjwa hawezi kuwatofautisha (akiwa mwanamume atamwita daktari, akiwa mwanamke atamwita sista, yamekwisha). Lakini sisi tunajuana. Ratiba ya zamu ikibandikwa ukutani, angalia nani amepangiwa usiku wa Krismasi. Semina yenye marupurupu ikitangazwa, angalia nani ametumwa. Na yule wa kandarasi akiinua mkono kulalamika, huambiwa, "Wewe bado uko kwa kandarasi, tulia kwanza." Mimi niko kwa kandarasi. Maneno hayo nimeambiwa na wauguzi wenzangu, si na afisa yeyote wa kaunti.

Mgawanyiko huu haukushuka kutoka mbinguni. Kabla ya ugatuzi kuanza mwaka wa 2013, muuguzi wa umma alikuwa na mwajiri mmoja na angeweza kuhamishwa kutoka Lodwar hadi Voi. Afya ilipokabidhiwa kaunti, tukawa na waajiri 47, kila mmoja na bodi yake ya utumishi, na ukitaka kumfuata mumeo au mkeo kaunti jirani itabidi pande mbili zikubaliane kwanza. Kisha ukaja mwaka wa 2020. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeutangaza kuwa Mwaka wa Muuguzi na Mkunga, miaka 200 tangu kuzaliwa kwa Florence Nightingale. Machi mwaka huo huo Covid ikaingia nchini. Maelfu ya wahudumu wa afya, wauguzi wakiwemo, waliajiriwa chini ya mpango wa afya kwa wote, UHC, kwa kandarasi za miaka mitatu. Waliingia wodi ambazo wengine walikuwa wanazikimbia. Mwaka wa 2025 wengi wao walipiga kambi nje ya Afya House jijini Nairobi, wakilala nje kwenye baridi, wakidai ajira ya kudumu.

Wakati wa kambi ile niliuliza kwenye kikundi cha WhatsApp cha wodi yetu kama tunaweza kuchanga angalau nauli na chakula kwa wenzetu walioko Nairobi. Kikundi kina watu zaidi ya 30. Waliojibu ni wanne, wote wa kandarasi. Wiki hiyo hiyo tulichanga vizuri tu kwa harusi ya mwenzetu mmoja wa kudumu, na mimi nilitoa.

Sisemi haya ili kuwachafua wakongwe. Najua wengine wana watoto chuoni na mikopo ya Sacco shingoni. Ninachosema ni kwamba mwajiri akiwagawa wafanyakazi kwa aina za kandarasi, wao wakaukubali mgawanyiko huo hadi kwenye chai ya saa nne, kazi yake inakuwa rahisi mno. Na anayeumia si muuguzi peke yake. Kandarasi ya kijana ikiisha bila kuongezwa, zamu zake hazipotei. Zinaangukia yule wa kudumu aliyenyamaza.

Kuna ushahidi kuwa kusaidiana wodini si mambo ya hisia tu. Mwaka wa 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti uitwao E-MOTIVE, uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ukihusisha zaidi ya akina mama 200,000. Ulihusu jambo ambalo kila muuguzi wa wodi ya uzazi analiogopa: mama kuvuja damu nyingi baada ya kujifungua. Kifaa chenyewe ni karatasi ya plastiki yenye alama za vipimo, inayowekwa chini ya mama ili damu ikusanyike na uone kiasi chake badala ya kukadiria kwa macho. Damu ikifika alama fulani, hatua zote zinaanza kwa pamoja: kukanda mji wa mimba, dawa ya kuukaza, asidi ya traneksamiki ya kugandisha damu, maji ya mshipani, na ukaguzi wa kutafuta damu inatoka wapi. Katika hospitali zilizofuata utaratibu huo, visa vya kuvuja damu kupita kiasi, upasuaji wa kuizuia au kifo kutokana nayo vilipungua kwa asilimia 60.

Watu wengi waliposoma habari hiyo waliiona plastiki. Mimi niliona kitu kingine. Dawa zile si mpya, hata kukanda si kupya. Kila mkunga amefundishwa. Kilichobadilika ni jinsi watu walivyofanya kazi pamoja. Kila hospitali ilikuwa na vinara wake, wakunga na madaktari wa hapo hapo, ambao kazi yao ilikuwa kuwafundisha wenzao, kuwakumbusha, na kuwaonyesha matokeo yao yanaendaje. Dawa na vifaa viliwekwa pamoja ili mtu asikimbizane na funguo za kabati usiku. Kwa maneno mengine, mtu aliyejua alimshika mkono asiyejua, na hilo likafanywa kuwa sehemu ya kazi, wala si hisani.

Linganisha na jinsi kijana anavyopokelewa katika wodi nyingi. Siku ya kwanza anaonyeshwa choo na kabati ya dawa. Siku ya tatu yuko zamu ya usiku. Akiuliza swali anaulizwa naye, "Kwani chuoni mlikuwa mnafunzwa nini?" Mwezi wa pili anaacha kuuliza. Hapo ndipo hatari ilipo, maana muuguzi asiyeuliza atakisia, na kukisia kipimo cha dawa ya mtoto wa kilo sita si mchezo.

Na bado huyo wa wodini ana bahati. Aliyetumwa zahanati ya mashinani huenda ndiye muuguzi pekee pale. Anazalisha, anachanja, anaangalia joto la friji ya chanjo, anajaza madaftari ya wizara, na mama akianza kuvuja damu saa nane usiku, ambulensi ikiwa mbali, mwenzake wa karibu ni nambari kwenye simu. Najua vijana waliookoa maisha ya mtu kwa sababu mkongwe fulani aliamka, akapokea simu, akabaki hewani dakika 40 akiwaelekeza hatua kwa hatua. Hakuna fomu yoyote ya kaunti inayoonyesha dakika hizo.

Nisije nikaonekana kama naomba msaada wa upande mmoja. Mabadiliko ya kazi yetu yamekuwa yakimtoa jasho kila mtu kwa zamu yake. Mwaka wa 2005 AMREF na Baraza la Wauguzi walianzisha masomo kwa njia ya kompyuta ili wauguzi wenye cheti, zaidi ya 20,000, wapande hadi diploma bila kuacha kazi. Wengi wao hawakuwa wamezoea kompyuta. Walisoma usiku baada ya zamu, wakafundishana jinsi ya kushika kipanya, wakahitimu. Hao ndio wengi wa wasimamizi wetu wa wodi leo. Kisha Oktoba 1, 2024 ikaja SHA mahali pa NHIF, na pamoja nayo usajili wa mtandaoni na mifumo inayokwama foleni ikiwa imefika getini. Mkongwe anayeweza kukuambia njia ya uzazi imefunguka sentimita ngapi huku akiendelea na gumzo lake, nenosiri lilimtoa kijasho. Sisi vijana tulicheka kidogo, kisha tukakaa naye chini. Yeye ana mikono, sisi tuna skrini. Biashara nzuri hiyo, kama pande zote mbili zitaacha kiburi.

Wapo watakaoniambia kuwa kusaidiana kwetu ndiko kunakoipa serikali usingizi. Tukifunika pengo la wauguzi kwa kubadilishana zamu, kununua glavu kwa pesa zetu na kukubali wagonjwa 40 kwa muuguzi mmoja, kwa nini gavana aajiri? Hoja hii ni nzito na ninaikubali nusu. Kuna msaada unaomlinda mwenzako na mgonjwa, na kuna msaada unaoficha aibu ya mwajiri. Tofauti yake mara nyingi ni kalamu. Ukimfanyia mwenzako zamu, iandikwe. Ukibaki peke yako na wodi nzima, andika kwenye kitabu cha ripoti: saa, idadi ya wagonjwa, nani uliyempigia simu na alijibu nini. Kesi ikija, na huwa zinakuja, kitabu hicho ndicho kitakachokutetea. Chama kikienda mezani, kitakuwa na hesabu badala ya hasira tu.

Kuhusu wanaoondoka, tuwaache waende kwa amani. Julai 2021 Kenya ilitia saini mkataba na Uingereza wa kupeleka wahudumu wa afya, na mwezi Novemba waziri wa wakati huo, Mutahi Kagwe, akatangaza kuwa kati ya 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza ni 10 tu waliopita. Nchi nzima ilicheka. Sikusikia mtu akiuliza kama kuna aliyekaa nao kuwatayarisha. Sasa vijana wanafanya mazoezi ya mtihani kwa simu usiku, watano watano, aliyefaulu akiwavuta waliobaki. Ninalowaomba wanaoondoka ni moja: kabla hujachukua ndege, mfundishe mrithi wako unachokijua kuhusu wodi hiyo. Usiondoke nacho kichwani hadi Manchester.

Jambo jingine hatulizungumzi kabisa. Mama akifa wodini, unafunika mwili, unabadilisha shuka, unampokea mwingine. Hakuna anayekuuliza kitu ila fomu. Mahali ninapofanya kazi kuna mkunga mmoja wa makamo ambaye kifo kikitokea humfuata muuguzi aliyekuwepo, humkalisha kwenye chumba cha chai na kumuuliza, "Mwanangu, umekula?" Kisha wanapitia kilichotokea, polepole, bila kutafuta mkosaji. Huchukua kama robo saa. Hakutumwa na mtu. Akistaafu sijui nani ataendelea, na hospitali haijawahi kuuliza anafanyaje.

Mwaka wa 2022 tulijivunia sana Anna Qabale Duba, muuguzi wa Marsabit, aliposhinda tuzo ya Aster Guardians kule Dubai na dola 250,000. Alistahili, na zaidi. Lakini nchi hii inapenda muuguzi shujaa kuliko inavyopenda wauguzi wa kutosha, na sisi wenyewe tumeanza kuamini kuwa anayelemewa ni dhaifu.

Mambo ninayopendekeza hayahitaji bajeti ya kaunti. Kila muuguzi mpya, awe wa kandarasi au wa kudumu, apewe mkongwe mmoja kwa jina kwa miezi mitatu ya kwanza, na wawili hao wapangwe zamu moja. Usiku wa sikukuu ugawanywe kwa orodha inayozunguka, iliyobandikwa ukutani ambapo kila mtu anaiona. Nafasi za semina zizunguke vivyo hivyo, na aliyehudhuria awafundishe wenzake ndani ya wiki moja. Kila eneo liwe na nambari ya mkunga mzoefu anayepokea simu za zahanati kwa zamu, badala ya mzigo huo kumwangukia mtu mmoja mwenye roho nzuri.

Nao viongozi wa chama chetu cha wauguzi wanapotunga madai yao, suala la wenzetu wa kandarasi lisiwe kipengele cha mwisho kinachotolewa kafara saa tisa usiku ili mkataba utiwe saini. Njia ya uhakika ya kulizuia ni wao wenyewe kuwepo mezani. Tawi letu lina mkutano mwezi ujao. Nimeandika barua nikiomba ajenda iongezwe: viti viwili vya kamati vitengewe wauguzi wa kandarasi. Wakongwe watatu wametia saini pamoja nami, akiwemo yule mkunga. Katibu amesema ameiona na atanipigia.