Nikeli ya Haneti, leza ya nani?

Wadau, juzi nilikuwa Dodoma. Pale Majengo jamaa mmoja akanionyesha kipande cha krisoprasi kutoka Haneti, wilaya ya Chamwino. Kijani utadhani embe bichi. Sikununua (mfuko wa mwandishi mnaujua), ila nikamwuliza kama anajua ile rangi inatoka wapi. Hakujua. Ni nikeli.

Nikeli hiyo ukiiyeyusha pamoja na titani, karibu nusu kwa nusu kwa hesabu ya atomi, unapata Nitinol, aloi iliyotengenezwa mwaka 1959 katika maabara ya silaha ya jeshi la majini la Marekani. Ikunje ikiwa baridi, ipashe moto, inarudi kwenye umbo lake la mwanzo. Zile waya za kunyooshea meno mnazoziona midomoni mwa wenye nafasi, nyingi ni hiyo.

Sasa nisomeni taratibu. Watafiti huitandaza aloi hii juu ya silikoni, unene wa mikroni chache tu, mwembamba kuliko unywele, ili isukume vali na mikono ya mashine ndogo mno. Ikitandazwa juu ya kitu cha baridi, atomi zinakaa shaghalabaghala na utando haukumbuki chochote. Lazima upate moto ndipo fuwele zijitengeneze. Ukiuingiza wote tanuruni, nyuzi karibu 500 zinaweza kuunguza vilivyo chini yake. Leza inapiga pale tu unapotaka, kwa kufumba na kufumbua. Tena ukichagua nguvu ya mapigo na namna ya kuyapitisha, unaweza kuzielekeza fuwele zinapokua. Mwelekeo huo unachangia sana kuamua utando utajivuta kiasi gani ukipashwa moto. Nikeli ile ile, titani ile ile, uzito ule ule. Kilichobadilika ni mpangilio.

Hapo ndipo ninapogombana na wimbo wetu wa "kuongeza thamani". Mwaka 2021 serikali iliingia ubia wa Tembo Nickel kwa hisa asilimia 16, kwa ajili ya Kabanga kule Ngara, na gumzo likawa kiwanda cha kusafishia madini Kahama. Nakiunga mkono. Lakini jamani, nikeli safi nayo ni mali ghafi ya mtu mwingine! Mwenye leza na anayejua kuitumia ndiye anayekula minofu.

Kwangu mimi, UDOM ingekuwa mahali pazuri pa kuanzia. Iko mkoa mmoja na hayo mawe. Mtaniambia madawati kwanza, maji kwanza. Sawa, ila sijawahi kuona nchi iliyosubiri madawati yatoshe ndipo ianze fizikia.

Rafiki yangu anafundisha sekondari huku huku kanda ya kati. Leza anaichora ubaoni kwa chaki. Wanafunzi wanaijua kama kile kitaa chekundu cha machinga. Mmoja akamwuliza, "Mwalimu, kweli inakata chuma?" Akajibu ndiyo, kengele ikalia, akafuta ubao.