Kosa la mtoto si kosa la mama

Kijana anashutumiwa wizi, anakimbia. Polisi wanafika nyumbani, hawamkuti, wanamkamata mama yake: atatoka siku mtoto atakapojitokeza. Wakaaji wengi wa Kongo wamezoea jambo hilo. Lakini ni kinyume cha sheria.

Katiba ya Februari 18, 2006, kifungu cha 17, inasema wazi kwamba kila mtu anajibu kwa kosa lake mwenyewe. Hakuna anayeweza kukamatwa, kufungwa wala kuhukumiwa kwa tendo la mwingine. Hata kijana huyo anahesabiwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho itolewe.

Kifungu cha 18 kinaongeza: anayekamatwa aelezwe sababu mara moja, kwa lugha anayoielewa, na awasiliane na jamaa au mwanasheria wake. Kasho ya polisi isipite masaa 48. Kisha aachiliwe ao apelekwe mbele ya viongozi wa sheria.

Kumfunga mama hakurudishi mali iliyoibiwa. Kunalazimisha familia kutafuta pesa za kumtoa, huku mwizi akiwa mbali. Wakubwa wa polisi na wa parke wakague makasho, na mbele ya kila jina waulize: huyu amefanya kosa gani yeye mwenyewe? Pasipo jibu, mlango ufunguliwe.