Fukusi wa gugu maji wasisahaulike

UKIMTAJA fukusi kwa mkulima wa Rubya, wilayani Muleba, atakuonyesha mgomba ulioanguka kibanjani. Funza wake hutoboa tunguu, upepo ukivuma kidogo mgomba unalala. Ndiyo maana wengi hushituka wakisikia kwamba katika Ziwa Victoria fukusi waliwahi kuachiwa kwa makusudi.

Hao si fukusi wa migomba. Ni aina mbili kutoka Amerika Kusini, nyumbani kwa gugu maji lenyewe, na maisha yao yote hutegemea gugu hilo. Mdudu mzima hukwangua majani, funza hutoboa kikonyo hadi kwenye moyo wa mmea. Gugu huingia maji, huoza na kuzama.

Uganda iliwaachia mwaka 1995 na Kenya mwaka 1997. Upande wetu kazi ilifanywa chini ya Mradi wa Hifadhi ya Mazingira ya Ziwa Victoria, wadudu wakizalishwa kwenye matangi. Hadi kufikia mwaka 2000 gugu lilikuwa limepungua sana, ingawa mawimbi na mvua za El Niño ya 1997/98 nazo zilisaidia.

Kosa letu ni kusahau. Gugu likizama, fukusi hukosa chakula na kupungua. Lakini mbegu hubaki hai kwenye tope kwa miaka mingi, Mto Kagera huleta magugu mengine, na mbolea na maji machafu ya miji huyanenepesha. Gugu jipya huota haraka kuliko fukusi wanavyozaliana.

Kwa hiyo matangi ya kuzalishia hayapaswi kukauka mradi unapokwisha. Halmashauri zinazopakana na ziwa, Muleba ikiwemo, ziyatengee fungu kila mwaka, na vikundi vya wavuvi vishirikishwe kuwasambaza wadudu. Ni kweli fukusi ni wa polepole. Mialoni itabidi tuendelee kung'oa kwa mikono. Lakini kumwaga sumu katika maji tunayokunywa na kuvulia sangara na dagaa si njia ya mkato, ni kujitafutia balaa.

Mapema mwaka 2025 gugu jingine, salvinia, lilisumbua vivuko upande wa Mwanza. Fukusi wa gugu maji hawalidhibiti. Lina fukusi wake, aliyesafisha Mto Sepik huko Papua New Guinea miaka ya 1980. Tusingoje lifunge mialo ya Muleba ndipo tuanze kutafuta wataalamu.