Picha Isiyo na Jina ni Bubu

Likizo inapofika, vijana wetu wa Meru na Embu huzunguka na simu zao wakipiga picha. Hilo ni jambo jema, na mandhari hayakosekani: kilima cha Karue kule Embu, mabwawa ya Masinga na Kamburu katika mto Tana, na Mlima Kenya, wenye mita 5,199, ambao huonekana vizuri alfajiri kabla ya mawingu kuufunika.

Lakini je, picha hizo zina majina? Wameru huuita mlima huo Kirimaara. Na neno "kirima" ni ndugu wa "kilima" cha Kiswahili. Huko Nchiru lipo jengo la Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Kimeru. Hapo ni mahali patakatifu, hivyo idhini hutangulia kamera.

Walimu wenzangu, tuwatume wanafunzi kwa wazee kwanza. Kila picha iandikwe jina la mahali kwa lugha ya wenyeji, maana yake na tarehe. Vilima vitabaki, wanaoyajua majina yake wanazidi kupungua, na mkufu wa maarifa ukikatika, kamera haiwezi kuuunga.