Elimu ya Jamii Imtumikie Nani?

Kijana anapohitimu kidato cha sita na kuwaarifu wazazi kwamba angependa kusomea sosholojia, historia au sayansi ya siasa, swali la kwanza nyumbani huwa hili: "Utaajiriwa wapi?" Swali hilo ni la haki. Ada ni kubwa, mkopo wa masomo hulipwa kwa miaka mingi, na ng'ombe aliyeuzwa harudi zizini. Hata hivyo, lipo swali la pili ambalo hatuna budi kuliuliza pamoja na la kwanza: elimu hiyo itamtumikia nani? Mwanafunzi asiyejiuliza hivyo, hata akipata kazi nzuri, maarifa yake yaweza kuwafaa watu wengine kuliko wale waliojinyima ili asome.

Jicho linalotafuta sababu

Sayansi ya jamii humzoeza mwanafunzi kutoridhika na jibu la juu juu. Tuchukue mfano mmoja. Mwaka 1975 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa utafiti kuhusu sababu za kijamii na kiuchumi za utapiamlo katika wilaya ya Moshi, uliofanywa na Marja-Liisa Swantz kutoka Finland pamoja na wenzake. Moshi ni nchi ya kahawa, ndizi na maziwa. Kwa nini basi watoto wake wafikishwe hospitalini wakiwa wamedhoofu kwa kukosa lishe?

Mganga humpa mtoto chakula na dawa, naye hupata nafuu. Lakini mtoto huyo anarudi nyumba ipi? Hapo ndipo mtafiti wa jamii anapoanza kuuliza: kihamba kina ukubwa gani baada ya kugawanywa kwa vizazi kadhaa? Fedha ya kahawa hupokewa na nani, na hutumiwaje? Mama hubeba mzigo gani tangu alfajiri hata usiku? Tiba pasipo maswali hayo ni kuchota maji kwa pakacha. Wala hatusemi kwamba mganga hana thamani. Twasema kwamba mganga na mtafiti wa jamii wanahitajiana.

Swantz huyo huyo alikuwa amewahi kuishi miongoni mwa Wazaramo katika miaka ya 1960. Katika mradi wa Jipemoyo, ulioendeshwa wilayani Bagamoyo katika miaka ya 1970, watafiti wa Kitanzania na wa Kifini walijitahidi kuwafanya wakulima na wafugaji wawe washiriki wa utafiti, badala ya kuwa vitu vya kuchunguzwa tu. Njia hiyo, iitwayo utafiti shirikishi, ilikuzwa kwa sehemu kubwa katika vijiji vyetu, na leo hufundishwa katika nchi nyingi.

Jembe moja, mashamba mawili

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba elimu ya jamii ni njema kwa asili yake. Ni kama jembe: hulima shamba la yeyote aliyelishika. Serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilikuwa na mwanasosholojia wake, Hans Cory, mzaliwa wa Austria, aliyekusanya sheria na mila za Wahaya, Wasukuma na makabila mengine. Kazi yake imehifadhi mengi ambayo pengine yangepotea. Lakini aliyemtuma kuuliza alikuwa mtawala, naye mtawala alitaka kujua ili atawale kwa wepesi zaidi.

Katika miaka ya 1930, kijana wa Kikuyu alisoma anthropolojia jijini London chini ya mwalimu mashuhuri, Bronislaw Malinowski. Kijana huyo ni Jomo Kenyatta. Mwaka 1938 alitoa kitabu chake, Facing Mount Kenya, na ndani yake akaeleza kwa makini utaratibu wa Wakikuyu wa kumiliki ardhi, wakati ambapo walowezi walikuwa wamekwisha kutwaa sehemu kubwa ya ardhi hiyo. Taaluma iliyowafaa watawala ikageuka kuwa ushahidi wa waliodhulumiwa. Kilichobadilika ni swali, na yule aliyeliuliza.

Kizazi cha Mlimani

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mabishano makali yalizuka katika chuo cha Dar es Salaam kuhusu namna ya kumfundisha msomi wa nchi maskini. Mwanahistoria Walter Rodney kutoka Guyana alifundisha hapo, na kitabu chake maarufu kuhusu jinsi Ulaya ilivyoididimiza Afrika kilitoka mwaka 1972. Masomo ya maendeleo yakawa ya lazima hata kwa wanafunzi wa fani nyingine, ili mhandisi na mwanasheria nao wajifunze kuuliza umaskini unatoka wapi.

Mbegu hiyo ilizaa matunda. Mwanasheria Issa Shivji, aliyekulia katika mijadala hiyo, aliongoza Tume ya Rais ya kuchunguza masuala ya ardhi katika miaka ya 1991 na 1992. Tume ilizunguka mikoa ya Tanzania Bara na kuwasikiliza wananchi katika mikutano ya hadhara. Ilipendekeza kwamba mamlaka ya juu juu ya ardhi yasibaki mikononi mwa Serikali Kuu peke yake, na kwamba ardhi ya kijiji iwe chini ya mkutano mkuu wa kijiji. Pendekezo hilo halikukubaliwa: sheria za ardhi za mwaka 1999 zimemwacha Rais kuwa mdhamini wa ardhi yote kwa niaba ya wananchi. Hata hivyo, malalamiko ya wanakijiji yamebaki katika maandishi, nayo hutajwa hadi leo kila ugomvi wa ardhi unapozuka. Huo nao ni utumishi.

Hatari iliyo mlangoni

Kuanzia miaka ya 1980, hali ya uchumi ilipokuwa mbaya na mishahara ya wahadhiri kukosa thamani, utafiti mwingi uligeuka kuwa wa kuagizwa. Mfadhili huleta fedha, na pamoja na fedha huleta maswali yaliyokwisha kuandikwa. Kijana mwenye shahada hupewa madodoso, huzunguka vijijini kwa posho ya siku, hukusanya majibu na kuondoka. Ripoti huandikwa kwa Kiingereza na kufungiwa kabatini. Mama aliyeacha palizi ili ajibu maswali hapati kamwe kusikia ni nini kilichosemwa juu yake.

Hatuwalaumu vijana hawa; nao wanatafuta riziki. Lakini yafaa tukumbuke mfano wa marehemu Profesa Seithy Chachage, mwanasosholojia wa Dar es Salaam aliyefariki mwaka 2006. Pamoja na kazi zake za kitaaluma, aliandika riwaya kwa Kiswahili. Mojawapo, Makuadi wa Soko Huria ya mwaka 2002, inahusu mpango wa kufuga kamba katika delta ya Rufiji na mashaka uliyowaletea wenyeji. Aliyoyajua kama mtafiti aliyarudisha kwa lugha ambayo watu wa Rufiji wangeweza kuisoma.

Yatupasa kufanya nini?

Jambo hili halituhusu kwa mbali. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika mwaka 1965, ulihimiza kwamba katika uchungaji yatumike pia maarifa ya saikolojia na sosholojia. Huko Nyegezi, Mwanza, chuo cha mafunzo ya jamii kilichoanzishwa na Kanisa mwaka 1960 ndicho kilichozaa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino mwaka 1998. Basi twapendekeza mambo matatu.

Kwanza, wazazi wasimdharau mtoto aliyechagua masomo haya. Wamhoji kuhusu ajira, lakini wamhoji pia kuhusu utumishi. Nchi inahitaji wahandisi wa kuchimba visima. Inahitaji vile vile watu wa kuuliza kwa nini kisima kimechimbwa karibu na nyumba ya tajiri.

Pili, wanafunzi wachague mada za tasnifu zao kutokana na vilio vya mahali watokako: mirathi ya wajane, mipaka ya vijiji, wasichana wanaoacha shule. Kisha warudi na muhtasari wa kurasa mbili au tatu kwa Kiswahili, wausome mbele ya watu waliowajibu. Siri za watu wazitunze.

Tatu, viongozi wa walei na wa vijiji wanapompokea mtafiti, wamkaribishe kwa ukarimu, na wamwulize bila woga: nani amekutuma, majibu yetu yatatumikaje, nawe utarudi lini kutueleza? Mgeni mwenye nia njema hatachukizwa na maswali hayo.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya

1. Je, utafiti uliowahi kufanyika kijijini au mtaani kwetu ulituachia nini?
2. Ni swali gani kubwa katika parokia yetu ambalo hakuna aliyekwisha kulichunguza?
3. Ni vijana gani miongoni mwetu wenye elimu hiyo, nasi tumewapa nafasi gani ya kuitumia?