Mradi wa Mwanafunzi Usihukumiwe kwa Siku Moja

Kila muhula unapokaribia kikomo, mtaa wa Olympic kule Kibera huona msafara wa aina yake. Watoto wa shule hupita asubuhi wamebeba majumba ya kadibodi, mifano ya mapafu iliyoundwa kwa puto na chupa, na vichujio vya maji vya mchanga na makaa. Hupenya kati ya matatu na bodaboda wakiwa wamevikumbatia kama mayai, na baadhi ya vitu hivyo havifiki darasani vikiwa vizima. Nami nauliza: chombo kikivunjika, je, maarifa yaliyokiunda nayo huwa yamevunjika?

Swali hili si la mzaha. Chini ya mtaala wa umilisi, yaani CBC, kazi za mwaka zina uzito katika hatima ya mtoto. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 9 walipofanya mtihani wa KJSEA mwaka 2025, mtihani wenyewe ulihesabiwa asilimia 60. Asilimia 20 zilitokana na KPSEA waliyoifanya katika Gredi ya 6, na 20 zilizosalia zikatokana na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8. Kwa hivyo mwalimu anapoandika alama ya tathmini, huwa anaandika sehemu ya barua ya kumwita mtoto katika sekondari pevu.

Kuna kisa cha mwanafunzi mmoja wa upande huo ambacho hakijaniondoka moyoni. Sitamtaja yeye wala shule yake. Alijenga mfano wa kijiji kwa wiki kadhaa, akiokota makatoni dukani na kupika gundi kwa unga wa ngano. Usiku wa kuamkia siku ya kuuwasilisha, mvua ilinyesha, bati likavuja, na kijiji kizima kikageuka uji. Jirani yake wa dawati alikuja na mfano maridadi ulioundwa na fundi na kulipiwa na mzazi. Fundi huyo alipata alama za juu. Aliyetoa jasho aliambiwa kwamba hakuna kitu cha kusahihisha.

Wenye nyumba pana huenda wasielewe jambo hili. Familia nyingi za Kibera huishi katika chumba kimoja, na chumba hicho ndicho jiko, sebule na mahali pa kulala. Mradi wa kadibodi ukikaa humo wiki tatu, hushindana na sufuria, jiko la makaa na mtoto anayetambaa. Isitoshe, muhula wa tatu huangukia msimu wa mvua za vuli. Madhara tunayoyaita ya dakika ya mwisho huwa yalipangwa tangu siku mwanafunzi alipoambiwa akafanyie kazi nyumbani.

Hata wenye kuta za mawe hawana kinga kamili. Mnamo Agosti 25, 2023, karibu nchi nzima ilipotelewa na stima usiku, na hakuna aliyedai kwamba kosa lilikuwa la mwanafunzi aliyekuwa mbele ya kompyuta. Nayo matingatinga yaliposhuka Kibera Julai 23, 2018 ili kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, shule zilibomolewa pamoja na nyumba. Yaliyokuwa yamefunzwa humo hayakubomoka.

Watakuwepo watakaoniambia kwamba ulimwengu hausubiri mtu, na kwamba mtoto sharti ajifunze kutimiza ahadi kwa wakati. Nakubaliana nao, na siku ya mwisho na iwepo. Lakini siku hiyo ipime bidii na akili ya mtoto, isipime ubora wa paa la mzazi wake. Anayechelewa kwa uzembe na anayevujiwa na mvua hawawezi kuwekwa katika kapu moja.

Dawa yenyewe si ngeni kwetu. Katika somo la Kilimo la KCSE, mtahiniwa hulea mmea kwa miezi, naye mwalimu huukagua hatua kwa hatua. Ukinyauka mwishoni, kazi ya kutayarisha udongo, kupanda na kupalilia huwa imekwisha kuonekana. Kibera yenyewe, ambako ardhi ni haba, wakazi wamekuza sukuma wiki katika magunia. Anayelima guniani anajua kwamba mboga huangaliwa kila siku, si siku ya kuvuna tu.

Basi walimu wenzangu, tuifuate hekima hiyo katika miradi yote. Mwanafunzi awe na daftari la mradi, aandike alichokifanya kila wiki, na mwalimu atie sahihi. Kazi ifanyiwe shuleni na ihifadhiwe shuleni. Najua madarasa yetu yalifurika tangu elimu ya msingi ilipofanywa bila malipo mwaka 2003, ila rafu moja ya mbao juu ya ukuta haimnyang'anyi mtoto nafasi ya kukaa. Kisha kila mmoja asimame dakika chache aeleze alivyounda chombo chake. Aliyenunua kwa fundi atajulikana kabla hajamaliza sentensi ya pili, na aliyelowewa atajieleza bila hata kipande cha kadibodi mkononi.

Nanyi wanafunzi, msiache daftari hilo likae tupu. Andikeni hata yale yaliyowashinda, kwani mhandisi naye huweka kumbukumbu za daraja lililopata ufa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Ufa wetu ni huu wa kutia alama kitu kilichobebwa mkononi asubuhi moja, na kuisahau safari yote ya mikono iliyokiunda.